Milipuko 318: jinsi mngurumo wa baruti unavyosafiri, na unavyofia njiani, kwenye maji ya kina kifupi

Machi na Aprili 2015 chombo cha utafiti kilipita pwani nzima ya Tanzania kikivuta haidrofoni nyuma yake, yaani maikrofoni za kuzamishwa majini. Kazi hiyo ilifanywa na Gill Braulik na wenzake, na matokeo yakachapishwa 2017. Kwa siku 31 walisikiliza jumla ya saa 231, wakakata njia ya kilomita 2,692, na baada ya rekodi zote kupitiwa, nyingine kwa programu na nyingine kwa sikio na jicho la mtu, wakathibitisha milipuko 318 ya baruti ya wavuvi. Ilikuwapo pwani yote. Hata hivyo karibu asilimia 62 ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na huko kasi ilikaribia milipuko 10 kwa saa.

Uvuvi wa baruti ni haramu Tanzania tangu 1970, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 imeukataza tena. Kwa hiyo mtu hawezi kwenda kutafuta takwimu zake kwenye daftari la mwaloni, maana aliyelipua hapeleki samaki wake wakahesabiwe. Ndiyo maana kusikiliza chini ya maji kulikuwa wazo zuri sana: bahari haimwogopi mtu wala haihongwi.

Lakini 318 ni idadi ya milipuko iliyosikika. Kati ya kutokea na kusikika pana kilomita kadhaa za maji, na maji ya pwani, yenye kina cha mita 5, 10 au 40, hayapitishi kila sauti kwa usawa. Jambo ninalotaka kulichambua hapa ni hilo tu: mngurumo mzito wa baruti, ile besi ambayo wengi wetu tungedhani ndiyo inayofika mbali zaidi, mara nyingi ndiyo ya kwanza kufa. Anayeisoma ramani ya milipuko ya 2015 bila kulijua hilo atayaona maeneo yenye nukta chache kuwa salama kuliko yalivyokuwa.

Pigo lenyewe

Tuchukue mlipuko mmoja wa kufikirika, kwa ajili ya hesabu tu. Nguvu yake ni sawa na nusu kilo ya baruti ya TNT, umelipuka mita 5 chini ya uso, mahali penye maji ya mita 8. Kanuni za milipuko ya chini ya maji, zilizopatikana kwa majaribio mengi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na baadaye, zinasema kwamba mita 1 kutoka hapo shinikizo hupanda papo hapo hadi takriban mara 400 ya shinikizo la hewa, kisha huporomoka ndani ya muda wa kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hilo ndilo pigo linalopasua kifuko cha hewa ndani ya samaki na kuvunja matumbawe.

Pigo likishapita, kazi haijaisha. Gesi ya mlipuko hutanuka na kuwa puto lenye nusu kipenyo cha kama mita 1, maji yanaliminya linasinyaa, linatanuka tena, linasinyaa tena. Kwa mfano wetu, kati ya mlipuko na msinyao wa kwanza hupita sekunde 0.17, sawa na mapigo 6 hivi kwa sekunde, Hz 6. Baruti ikilipuka karibu sana na uso, mita 1 au 2, puto hilo linatoboa juu, maji yanaruka hewani na pigo la pili halipo.

Kwa hiyo ndani ya mlipuko mmoja kuna sauti za kila aina kwa pamoja, kuanzia Hz 6 za puto hadi makumi ya maelfu ya Hz za lile pigo kali. Bahari inapokea zote. Swali ni zipi itakazozifikisha.

Kasi ya sauti kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 28, kama yetu ya miezi hiyo, ni takriban mita 1,540 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Mlipuko ulio kilomita 10 unafika kwenye haidrofoni baada ya sekunde 6.5, wakati hewani ungechukua karibu nusu dakika. Hewani mara nyingi hata haufiki. Uso wa bahari ni kioo cha sauti: nguvu inayopenya moja kwa moja kutoka majini kwenda hewani ni kama sehemu moja tu kwa elfu ya ile iliyoupiga. Mzamiaji aliye chini karibu na kisiwa cha Mbudya anashtuka kwa kishindo, na aliyekaa kwenye boti juu yake anaendelea na mazungumzo yake. Boti ya doria inayotegemea masikio ya watu waliosimama juu ya sitaha inafanya kazi ngumu bure.

Maji yenyewe hayali besi. Kwenye Hz 100, upotevu unaosababishwa na maji ni kama sehemu moja kwa elfu ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila kilomita, yaani si kitu. Kwenye Hz 10,000 ni takriban desibeli moja kwa kilomita. Ukiishia hapo utasema besi ndiyo mshindi, na kwenye bahari kuu ni kweli: sauti ya nyangumi wakubwa wa kule husafiri mamia ya kilomita. Kwenye maji ya kina kifupi lakini kuna sakafu, na sakafu inabadilisha hesabu yote.

Kina ndicho kinachoamua

Sauti iliyo kwenye maji ya kina kifupi imebanwa kati ya kuta mbili. Juu kuna uso wa bahari, unaorudisha karibu kila kitu ila unakigeuza: mgandamizo unarudi ukiwa mtanuko. Chini kuna mchanga, tope au mwamba. Mawimbi yanayorudi kutoka juu na chini yanakutana njiani. Mengine yanaimarishana, mengine yanauana. Yanayosalia na kusafiri mbali ni yale tu ambayo umbo lake linatosha kati ya uso na sakafu. Uzi mfupi wa udi hautoi noti nzito hata uupige kwa nguvu gani, na hapa ni vivyo hivyo: kina cha maji ndio urefu wa uzi.

Kwa sakafu ya mchanga ambayo sauti hupita ndani yake kwa kasi ya mita 1,700 kwa sekunde, hesabu inatoa kikomo kilicho wazi. Kwenye maji ya mita 40, sauti iliyo chini ya takriban Hz 23 haiwezi kusafiri kama wimbi lililobanwa majini. Kwenye mita 20 kikomo ni Hz 45, kwenye mita 10 ni Hz 91, kwenye mita 5 ni Hz 182. Mchanga uliobakiwa na mita 2 za maji juu yake hauruhusu chochote chini ya Hz 450 hivi. Chini ya kikomo sauti haizimiki ghafla kama taa; inavujia kwenye sakafu na kufifia haraka, na inayobaki ni kidogo inayopita ardhini.

Sasa zirudie zile Hz 6 za puto la gesi. Urefu wa wimbi lake majini ni kama mita 257. Kwenye maji ya mita 8 halina pa kukaa. Nguvu kubwa ya besi ya mlipuko, ambayo mtu aliye karibu anaihisi kifuani, inazama mchangani pale pale. Hata ile sehemu inayoelekea juu haisalimiki, kwa sababu kivuli chake kilichogeuzwa na uso wa bahari kinaifuata karibu mno na kuifuta. Mlipuko ulio karibu na uso ni spika mbovu ya besi, kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna jambo la pwani yetu ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa bahari za Ulaya na Amerika hulipita haraka, nalo ni bamvua. Dar es Salaam, maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Kwenye meli iliyo kwenye kina cha mita 100 hilo ni dogo. Kwenye mfano wetu wa mita 8, kupwa kunaacha mita 5, na kikomo kinaruka kutoka Hz 114 hadi Hz 182. Juu ya mchanga wenye mita 6 wakati wa kujaa na mita 3 wakati wa kupwa, kinatoka Hz 150 hadi Hz 300. Mahali ni palepale na nguvu ya mlipuko ni ileile, lakini saa sita baadaye besi ya kati ya Hz 150 na Hz 300, iliyokuwa ikipenya, haipenyi tena. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo inapungua sana. Mtu anayelinganisha rekodi za siku mbili bila kuangalia jedwali la kupwa na kujaa anaweza kuandika kwamba milipuko imepungua, kumbe kilichopungua ni maji.

Kutoka kwenye fungu hadi mkondoni

Tumfuate sasa mlipuko wetu. Umetokea ubavuni mwa fungu kaskazini mwa Dar, tuseme eneo la Fungu Yasini, na msikilizaji yuko kilomita 10 kutoka hapo ndani ya Mkondo wa Zanzibar, yaani bahari iliyo kati ya Unguja na bara, kwenye maji ya mita 40.

Katika makumi machache ya mita ya mwanzo sauti inatawanyika pande zote, juu na chini, na inapoteza desibeli 20 kila umbali unapoongezeka mara kumi. Ikishagonga uso na sakafu inakuwa haina tena pa kutawanyikia isipokuwa pembeni, na upotevu wa kutawanyika unashuka hadi desibeli 10 kwa kila mara kumi ya umbali. Hii ndiyo zawadi ya maji ya kina kifupi: kuanzia mita 100 hadi kilomita 10 kutawanyika peke yake kunakula desibeli 20, wakati kwenye maji yasiyo na mipaka kungekula 40. Zawadi hiyo ina masharti. Sakafu ya mchanga inarudisha yale tu yanayoigusa kwa pembe iliyolala, chini ya nyuzi 25 hivi kutoka usawa kwa kasi tulizotaja. Sauti inayoipiga kwa pembe kali zaidi inaingia ndani na haitoki. Na hata iliyolala hupunguzwa kidogo kila mara inapougusa mchanga, kwa sababu mchanga unaosuguana hugeuza sauti kuwa joto.

Kwenye mita 8 za mwanzo, sauti ya Hz 300 ina umbo moja tu linaloweza kupita. Sakafu inaposhuka kuelekea mkondoni hali inakuwa nafuu: kila sauti inapodunda kwenye mteremko, pembe yake inalala zaidi kwa mara mbili ya pembe ya mteremko, na ikilala zaidi inaigusa sakafu mara chache zaidi. Ikifika kwenye mita 40, ambako Hz 300 inaweza kupita kwa maumbo saba, imeshakuwa shwari na inaweza kwenda mbali. Besi ya Hz 60, ambayo mkondoni ingepita vizuri, haikuwahi kufika mkondoni. Ilishakatwa pale fungu lilipo.

Kwa upande wa pili, sauti nyembamba nazo zinachujwa. Uso wenye mawimbi ya kusi unazitawanya, mchanga unazila kwa kasi zaidi, na karibu na matumbawe kuna kelele ya kamba wadogo wanaofyatua makucha usiku na mchana, inayojaza maelfu ya Hz kwa kutatarika kama mafuta kikaangoni. Kinachomfikia msikilizaji wa kilomita 10 ni kipande cha katikati: kimekatwa chini na kina, kimekatwa juu na uso, mchanga na kamba. Sikio linakisikia kama kishindo kizito, na mtu ataapa kwamba amesikia besi ya baruti. Kusema kweli amesikia mia kadhaa za Hz, na zinaonekana nzito kwa kuwa zile kali zaidi zimepotea.

Kuna kanuni moja ya sauti ambayo ingefaa iandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya doria: njia kati ya sehemu mbili ni ileile ukiisafiri kwenda au kurudi. Kama mlipuko wa ndani ya ghuba hausikiki mkondoni, basi haidrofoni ya ndani ya ghuba nayo haitasikia mlipuko wa mkondoni. Sauti nzito inayotoka kilindini kupanda kuelekea ufukweni inafika kwenye kina kinacholingana na kikomo chake, kisha inajichimbia ardhini.

Majaribio ya 1943 na 1944

Hayo yote hayakugunduliwa kwa ajili ya wavuvi. Wakati wa vita, Maurice Ewing na J. Lamar Worzel walilipua baruti kwenye maji ya kina kifupi ya pwani ya Marekani na visiwa vya Karibea, jeshi la majini likitaka kujua milio hiyo inafikaje kwenye vyombo vya kusikilizia vilivyolala chini. Kwenye karatasi za kurekodia waliona jambo la ajabu. Mlipuko mmoja mfupi, baada ya kilomita kadhaa, ulikuwa umejinyoosha na kuwa mlolongo mrefu. Kwanza ulifika mtikisiko mzito na dhaifu. Baadaye kidogo ukaja mlio mwembamba mkali, ukauparamia ule mzito, vikaendelea pamoja, na mwishoni vikaungana kuwa sauti moja kubwa iliyokatika ghafla.

Chaim Leib Pekeris, mzaliwa wa Lithuania aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ndiye aliyeieleza kwa hesabu katika matokeo yaliyochapishwa 1948. Bahari yake ilikuwa rahisi kupita kiasi: maji ya kina kimoja juu ya sakafu moja laini ya aina moja. Ilitosha. Sauti iliyo karibu na kikomo husafiri sehemu kubwa yake ikiwa ndani ya sakafu, na kwa kuwa kule kuna kasi zaidi, inatangulia. Kwa kilomita 10 na kasi tulizotumia, inafika baada ya sekunde 5.9, sekunde 0.6 kabla ya ile ya majini. Sauti nyembamba husafiri kwa kasi ya maji. Kati ya hizo mbili kuna sauti ambazo nguvu yake hutembea polepole kuliko hata maji, nazo ndizo zinazofunga msafara.

Kwa mpelelezi wa baruti huu ni utajiri. Pengo kati ya mtikisiko wa ardhini na mlio wa majini linaongezeka kadiri mlipuko ulivyo mbali. Kwa hiyo haidrofoni moja tu, ikiwa imetulia na ikiwa sakafu inajulikana, inaweza kukisia umbali bila msaada wa nyingine. Mwelekeo ndio unaohitaji haidrofoni mbili au zaidi. Mbili zilizotenganishwa mita 3 hupokea pigo kwa tofauti isiyozidi milisekunde 2, na tofauti hiyo ndiyo inayotoa pembe. Mbili zilizopangwa nyuma ya chombo kwenye mstari mmoja haziwezi kusema ni kulia au kushoto, mpaka chombo kigeuke au kitu kingine kitoe ushahidi. Huko Sabah, Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walijaribu kifaa cha haidrofoni tatu ili kupata mwelekeo wa mabomu ya wavuvi.

Chombo kinachotembea kina shida yake. Maji yanayopita kwenye kamba ya kuvutia haidrofoni na mtetemo wa injini hujaza besi, na kwa kawaida besi hiyo huchujwa na kutupwa kabla haijarekodiwa. Basi yale mafundisho ya Pekeris kuhusu mtikisiko wa kwanza hayana msaada mkubwa kwa haidrofoni ya kuvutwa. Yanafaa kwa kifaa kilichofungwa chini, kimya.

Turudi kwenye ramani

Je, ule mrundikano wa Dar unaweza kuwa udanganyifu wa sauti tu? Siamini. Mkondo wa Zanzibar ni mpana, una kina cha makumi ya mita kwa sehemu kubwa, na mafungu ya Dar yanauelekea waziwazi. Ni mahali pazuri pa kusikilizia, hilo nalikubali, na baadhi ya milipuko iliyohesabiwa huko huenda ilitoka mbali kidogo na njia ya chombo. Lakini tofauti ni kubwa mno. Kwa safari nzima wastani ni milipuko 1.4 kwa saa, na karibu na Dar ilifika karibu 10. Hakuna sakafu nzuri inayoweza kuzaa tofauti hiyo peke yake. Dar kuna soko, kuna wanunuzi wasiouliza, na kulikuwa na baruti ya kupatikana. Nukta zile ni za kweli.

Mashaka yangu yako kwingine. Chukua maji ya kati ya Mafia na delta ya Rufiji. Mto unaleta tope, na kwenye tope laini sauti hukimbia polepole kidogo kuliko majini. Hapo ile pembe ya nyuzi 25 haipo kabisa. Kila mdundo unaacha sehemu ya sauti ndani ya tope, hata sauti iliyolala namna gani. Fomula ya kikomo niliyotumia juu haifai tena hapo, na matokeo yake ni mabaya zaidi kwa msikilizaji. Mlipuko wa nyuma ya kisiwa kidogo upande wa Rufiji unaweza usisikike kwa umbali ambao ule wa Fungu Yasini ungesikika vizuri.

Kwenye mwamba mtupu wa chokaa watu hukosea kinyume. Wanadhani mwamba mgumu ni ukuta mzuri, na kwa kuwa sauti inakimbia sana ndani yake, hesabu rahisi inaonyesha kikomo kikishuka: kwenye mita 10, kutoka Hz 91 hadi Hz 45 hivi. Mwamba lakini hubeba pia aina ya pili ya wimbi, la kuyumba ubavu, ambalo mchanga haulijali na maji hayana kabisa. Kwenye chokaa laini kasi ya wimbi hilo inaweza kukaribia au kuwa chini kidogo ya kasi ya sauti majini, na hapo linanyonya besi kutoka majini kama mrija. Waliopima kwenye miamba ya namna hiyo Australia waliona besi ikipotea haraka kuliko walivyotegemea. Miamba yetu ya pwani ni matumbawe ya kale, na mwamba kama huo, wenye mchanga mwembamba juu yake, ni sakafu ya kutiliwa shaka kabla haijapimwa.

Kaskazini, upande wa Tanga, shida ni kilindi. Mafungu yako karibu na pwani, kisha sakafu inaporomoka kwenye Mkondo wa Pemba, mamia ya mita. Sauti inayotoka fungu la nje inaingia kwenye maji ambayo ni ya joto juu na baridi chini. Kwa kuwa inakimbia polepole zaidi kwenye baridi, inapinda kwenda chini, na haidrofoni inayovutwa karibu na uso inaweza kubaki kivulini hata ikiwa haiko mbali. Tabaka la juu lililochanganyika vizuri, tuseme la mita 50, linaweza kuishika sauti ya zaidi ya Hz 500. Besi inavuja chini. Ndani ya mafungu, upande wa bara, ni ile hadithi ya mita 5 na bamvua.

Kwa hiyo naisoma 318 hivi: kwa Dar ni picha nzuri, pengine ya karibu na ukweli kwa saa zile chombo kilipokuwapo, kwa Rufiji, ndani ya ghuba za Kilwa, na nyuma ya mafungu ya Tanga, ni kiwango cha chini, na umbali wake na ukweli hauko sawa kila mahali. Watafiti wenyewe waliitoa kazi yao kama njia ya kujua wapi pa kuelekeza doria, na kwa hilo inafaa kabisa. Anayetaka kuitumia kusema mkoa fulani una baruti mara tano zaidi ya mwingine ameiomba kazi ambayo bahari haikuisaini.

Miaka iliyofuata msako uliongezwa, vyombo vya dola vikifanya kazi pamoja, na milipuko ikapungua sana. Sasa ndipo suala la kusikiliza linapokuwa gumu zaidi. Milipuko ikiwa 10 kwa saa, kukosa nusu yake hakubadilishi uamuzi wowote. Ikiwa mmoja kwa wiki, kuukosa huo mmoja ni kukosa kila kitu, na mlipuaji aliyebaki ndiye aliyejifunza kujificha kwenye maji mafupi nyuma ya mwamba, pengine bila kujua kwamba pamoja na macho ya doria amekwepa na masikio yake.

Kifaa cha kudumu, basi, kisiwekwe mahali pamoja pa katikati kwa matumaini kwamba besi itazunguka kila kona. Ningekiweka chini, kwenye mchanga, upande wa nje wa mlango wa fungu ambako kina kinafika mita 20 au zaidi, kitazame maji wazi. Na ndani ya fungu ningeweka kingine cha bei nafuu, kwa kuwa cha nje hakitayasikia ya ndani. Kichujio kisikate kila kitu kilicho chini ya Hz 500 kwa kuogopa kelele za meli za bandarini, kwa sababu cha nje kinahitaji mia mbili na mia tatu zake. Kila kifaa kifanyiwe jaribio kwa chanzo cha sauti kinachojulikana, mara moja maji yakiwa yamejaa na mara moja yakiwa yamekupwa wakati wa bamvua, na umbali kinaposikika uchorwe kwenye ramani ileile zinapochorwa nukta za milipuko. Pale mstari wa kusikika unapoishia, ramani iachwe nyeupe, wala isipakwe rangi ya usalama.